Nyota Zilizofungwa kwa Uzi

Watu wa Temeke na Kinondoni waliokuwa wakisoma gazeti la Kengele mwaka wa hamsini na tatu waliamini kwamba nyota zao zinatazamwa na mtaalamu mwenye kilemba, vitabu vya Kiarabu na macho ya kuona mbali. Hawakujua kwamba nyota zao zilikuwa mikononi mwangu mimi, Polikarpo, Mkatoliki wa Songea, mwenye wino kwenye kucha na hasira za karibu. Nami sikuwaambia. Mtu akiamka Jumamosi na furaha yake, wewe nani umnyang'anye?

Lakini nieleze jambo lilivyoanza, nisije nikaitwa tapeli. Kengele lilikuwa gazeti dogo la kurasa nne, likitoka mara moja kwa wiki. Mwenyewe alikuwa Bwana Jabiri, na kiwanda chake cha chapa kilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati huko Temeke, chenye joto la kuivisha mkate. Mimi nilikuwa mpanga herufi. Kazi hiyo nilifundishwa na mapadri kule kusini: unaokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye visanduku vyake, unazipanga mstari kwa mstari, na kila fungu ukilimaliza unalizungushia uzi wa katani na kuukaza, herufi zisimwagike. Fungu lililofungwa sawasawa unaweza kulibeba mkononi kama mche wa sabuni.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa nyota. Kila Jumatano mwalimu mmoja wa falaki, tukimwita Maalim tu, alituletea mafungu kumi na mawili, kuanzia Punda hadi Samaki: fanya hiki, acha kile, jihadhari na fulani. Watu walimfuata palepale kiwandani wahesabiwe nyota zao. Unataja jina lako na jina la mama yako, Maalim anazigeuza herufi kuwa hesabu, anagawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Wakristo wa bara walimtoa jasho, maana kila mmoja ana majina mawili, la ubatizo na la nyumbani, na kila jina lilitoa nyota yake. Maalim akawa anawauliza, "Mama yako akikasirika alikuwa akikuita nani?" Wakimjibu, anasema, "Basi hilo ndilo lako."

Baada ya Ramadhani Maalim alisafiri kwenda Ngazija kumwoza binti yake. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Tukasikia kwamba alipomaliza kumwoza binti, na yeye akaoa, na kwamba hali ya huko inampendeza. Wiki ya kwanza bila Maalim, Bwana Jabiri alinijia mikono nyuma.

"Poli, ukurasa wa nne usitoke mtupu. Watu hawanunui Kengele kwa ajili ya hotuba za Bwana DC."

"Mie siandiki nyota, Bwana. Padri atanitoa masikio."

"Nani kakwambia uandike? Mafungu ya wiki iliyopita si yapo?"

Yalikuwapo, yote kumi na mawili, yamefungwa kwa uzi wake. Nikayatazama, nayo yakanitazama. Sikuandika hata neno moja, Mungu ni shahidi. Nilichukua fungu la Punda nikalisogeza kwa Ng'ombe, la Ng'ombe nikalisogeza kwa Mapacha, hivyo hivyo mpaka la Samaki, ambalo lilizunguka likarudi kwa Punda. Wiki iliyofuata nikasogeza tena. Nilipokwenda kuungama nilimwambia padri kwamba nimesogeza herufi. Akaniuliza herufi za nini. Nikamjibu ni za risasi. Akanipa Salamu Maria tatu, na kwa sauti yake nilijua hajaelewa ananiadhibu kwa kosa gani.

Ajabu ni kwamba nyota zilianza kusema kweli kuliko wakati wa Maalim. Fungu la "Mgeni mwenye mzigo yu njiani" lilikuwa halikosei kabisa. Nionyeshe nyumba ya Temeke isiyopata mgeni mwenye mzigo ndani ya siku saba. Lilipofika kwa Ndoo lile la "Usivuke maji," mpagazi mmoja wa bandarini aligoma kupanda mashua ya Kigamboni, akamkosa shemeji yake aliyekuwa akimngoja ng'ambo amwombe suti yake ya harusi. Alikuja kiwandani kutushukuru na mkungu wa ndizi. Niliula kwa roho nyeupe.

Basi Alhamisi moja, wiki ya kumi ya kusogeza, alikuja msichana juu ya baiskeli ya kiume. Nasema ya kiume kwa sababu ya kile chuma cha katikati, na yeye alikuwa amevaa gauni, na jinsi alivyoshuka bila kuanguka wala kujiaibisha mpaka leo sijui. Alikuwa kama wa miaka kumi na tisa, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, na kwenye keria ya nyuma amefunga furushi la magazeti. Akaingia.

"Shikamoo, baba."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sijaoa, na salamu hiyo ilinichoma. "Marahaba," nikaitika kwa shida. "Bwana Jabiri hayupo."

"Sikumfuata Bwana Jabiri. Nimemfuata anayezungusha nyota."

Nikaokota herufi nisiyoihitaji. "Nyota anazizungusha Mungu," nikamwambia.

"Za mbinguni, ndiyo. Hizi za ukurasa wa nne anazizungusha mtu." Akafungua furushi, akayatandaza magazeti juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa. "Tazama hapa. 'Ukimwona mbwa mweupe, geuza njia.' Wiki ya tatu yuko kwa Kaa. Wiki ya nne kwa Simba. Wiki ya tano kwa Mashuke. Mbwa gani huyu anapita nyumba kwa nyumba kama mtoza kodi?"

Nilikasirika kwanza. Mtu huona haya kukamatwa, na haya zangu mimi hutokea kwa mlango wa hasira. Nikamwambia gazeti si mali ya kuchambuliwa na watoto, na kwamba mwenye akili hasomi magazeti ya zamani, hufungia maandazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nimemaliza kufungia maandazi, ndipo nikaona," alisema. "Sijamwambia mtu, na sitasema. Mie nina shida, baba, na shida yangu iko hapa mezani kwako."

Akaniambia anaitwa Kokuberwa, wanakaa Kinondoni, na baba yake ni Audax, karani wa bohari bandarini, mtu wa Bukoba. Mama yake, Apolonia, alifariki miaka minne nyuma kwenye uzazi. Mkunga alikuwa mbali, na alipofika hakukuwa na la kufanya. Tangu siku ile msichana aliazimia kuwa mkunga. Alisoma, akafaulu, akaandika maombi, na wiki tatu zilizopita chuo cha hospitali moja ya misheni huko bara kilimjibu: njoo. Kilichobaki ni karatasi moja tu ya kutiwa mkono na mzazi, nayo ilitakiwa iondoke na treni ya barua ya Jumatatu. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Na baba yako hataki?"

"Hajasema hataki. Kaiweka chini ya saa ya mezani. Kila nikimuuliza ananiambia, 'Tungoje nyota itulie.' Nyota yake ni Mizani. Hatii mkono popote mpaka Mizani imruhusu."

"Kumbe karani mzima!"

"Makarani ndio wabaya zaidi," alisema, na nikajikuta nacheka.

Kisha akaweka kidole kwenye gazeti la Jumamosi iliyopita. Chini ya Samaki iliandikwa: *Karatasi iliyo mezani kwako itie mkono. Ina heri ndefu.* Fungu hilo lilipita kwa Mizani wiki mbili tu kabla barua ya chuo haijafika. Kurudi tena kwa Mizani lilihitaji wiki saba. Halafu akasogeza kidole mpaka kwa Mashuke, jirani wa Mizani, yaani fungu ambalo Jumamosi hii lingemwangukia baba yake. *Usitie mkono kwenye karatasi yoyote wiki hii. Utajuta mwaka mzima.*

Fungu lenyewe lilikuwa pale mezani. Nilikuwa nimelisogeza kwa Mizani nusu saa kabla hajaingia.

"Yabadilishe hayo mawili," alisema Kokuberwa. "La Mizani liende kwa Punda, la Punda lije kwa Mizani. Wiki moja tu."

"Na watu wa Punda je? Wana kosa gani?"

"Watu wa Punda wakikaa wiki moja bila kutia mkono hawatakufa."

Hapo nikamweleza msimamo wangu, na naomba nisichekwe. Kusogeza si dhambi. Ukisogeza, kila mtu anapata zamu yake, na hakuna anayependelewa. Ni kama kugawa wali kwa kijiko kimoja. Lakini kumchagulia mtu fulani neno fulani ili afanye jambo fulani, huo ni uongo wenye miguu na mikono. Ningeungamaje hiyo? Nilimwambia yote haya kwa kirefu, na nusu ya Kilatini ya misa niliyoikumbuka nikaitia.

Hakulia. Angelia ningemfukuza, maana machozi ya wanawake yananitia hasira kwa sababu yananishinda. Alikunja magazeti yake polepole, moja moja, akayanyoosha pembe. "Mama alikuwa akiniambia mikono yangu ni myepesi," alisema. "Alisema mikono kama hii ingeweza kumshika mtoto kabla hajajua kwamba amezaliwa. Basi. Ahsante, baba."

Nikaitazama ile mikono. Nikaona uchungu, nauita kwa jina lake. Nikaona jinsi uzi wangu wa katani na ukaidi wangu vinavyomfunga mtoto wa watu.

"Kokuberwa," nikasema. "Mie ni mtu wa kusogeza. Kuchagua siwezi. Lakini saa hizi ndizo zangu za chai. Huwa natoka, nakaa pale kwa mama muuza chai, na nikikaa huwa sitazami nyuma. Fungu likibebwa, hushikwa kwa vidole vyote, gumba juu, uzi usilegee. Herufi zinasomeka kinyume, kutoka kulia. Kwaheri."

Nilikunywa chai vikombe vitatu. Nilisema sitazami nyuma, nami sikutazama nyuma. Nilikaa upande ambao dirisha la kiwanda lilikuwa mbele yangu. Nilimwona akiinama juu ya meza, midomo ikichezacheza akisoma kinyume, kisha akainua fungu la kwanza kwa mikono miwili, taratibu, akalishusha. Akainua la pili. Hakumwaga hata nukta. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilimwaga ukurasa mzima wa Injili. Alipotoka viganja vyake vilikuwa vyeusi, kwa sababu mafungu yale sikuwa nimeyasafisha wino wa wiki iliyopita. Akanipungia mkono mweusi, akapanda lile dubwana la chuma, akaenda zake.

Ijumaa tukachapa. Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza kusafisha mashine, Bwana Jabiri aliingia na Kengele mkononi, uso umempauka.

"Poli. Punda imekataa."

Nyota yake ni Punda, na nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa nimesahau pia kwamba mfukoni mwake kulikuwa na barua ya posa aliyoiandika kwa siri, mimi tu nikijua, ya kutaka mke wa pili huko Kurasini, na kwamba barua hiyo ilikuwa imebaki kutiwa mkono tu.

"Bwana," nikamwambia, "si wewe unayejua kwamba mie nazisogeza hizi?"

"Najua unazisogeza. Lakini kwa nini isogee kwangu leo?" Akaichana barua vipande vinne, akavitia mfukoni, akaketi, akajipepea. "Utajuta mwaka mzima! Poli, mwaka mzima ni mwingi."

Nilikuwa na hofu yangu ya kunitosha. Kila baiskeli iliyopita nje ilinishtua. Nilikuwa nimeanza kuitaka ile saini kana kwamba mimi ndiye niliyezaa.

Saa nane mchana baiskeli ya kiume ilisimama mlangoni. Aliyeshuka si Kokuberwa. Alikuwa mzee mnyoofu mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu mpaka magotini, na faili la ofisini kwapani. Kwenye paji la uso alikuwa na alama tatu nyeusi za vidole, mithili ya mtu aliyepakwa majivu mara tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mpanga herufi?"

Nilitamani kusema si mimi. "Ndimi."

"Mimi ni Audax." Akaweka faili mezani, akafungua kamba yake. Ndani kulikuwa na karatasi kubwa aliyoipiga mistari kwa rula: nyota kumi na mbili zimeshuka upande mmoja, wiki zimekwenda upande wa pili, na katika kila chumba ameandika kwa wino mwekundu maneno mawili matatu: *mbwa mweupe, mgeni na mzigo, usivuke maji*. Vyumba vyote vilikuwa vimejazwa, hata vya wiki ambazo hazijafika.

"Niliitambua wiki ya pili," alisema. "Nikaijaza jedwali mpaka mwisho. Wewe ni mtu wa utaratibu, Bwana Polikarpo. Wiki tisa hukukosea hata chumba kimoja. Nilikuheshimu kabla sijakuona."

"Ahsante, mzee," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Wiki hii Mizani ilipaswa kukatazwa kutia mkono. Nilikuwa naingoja. Leo asubuhi nafungua gazeti, nasoma: itie mkono, ina heri ndefu. Nikasoma mara nne. Nikakaa chini. Nikasema kikwetu, waitu! Wiki zote hizi alikuwa mtu anazungusha, lakini leo nyota imesema yenyewe. Nikapiga ishara ya msalaba. Nikachukua baiskeli niende kwa padri nimuulize, maana baiskeli naipanda mwisho wa wiki tu, siku za kazi lori la bandarini hunipitia. Nikaenda. Njia panda nikafuta jasho." Akanionyesha viganja vyake; vilikuwa vyeusi. "Ndipo nikageuza, nikaja huku. Usukani wote una wino, na wino wa chapa haupo Kinondoni. Nani aliyezigusa herufi?"

"Mie nilikuwa nakunywa chai, mzee."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote: magazeti ya maandazi, treni ya Jumatatu, mikono myepesi, vikombe vitatu. Nilingoja anipige na lile faili. Badala yake alivuta kigoda, akakaa, akavua kofia akaiweka gotini.

"Kwa hiyo na yeye aliiona," alisema taratibu. "Aliiona hesabu yote."

"Aliiona, mzee."

"Nitakuambia jambo, na wewe ni mgeni kwangu, ndiyo maana naweza kukuambia. Mimi nilijua nyota hii itakuja kukataza wiki hii hii. Ile barua ilipofika nilitazama jedwali langu, nikafurahi. Nikasema, nyota itasema hapana, mimi sitakuwa na kosa. Kwa sababu mimi siwezi kumwambia hapana, Bwana Polikarpo. Nikimtazama namwona mama yake. Na neno ndiyo nalo halikutoka, kwa sababu akienda, nani atanibakizia ile sura pale mezani?" Akapangusa uso, akaongeza alama ya nne. "Nilijificha nyuma ya nyota. Mtu mzima na soksi zangu."

Nilimmiminia maji ya mtungi kwenye kikombe, akanywa.

"Alikuja na baiskeli hii?" aliuliza baadaye. "Kutoka Kinondoni mpaka huku?"

"Hii hii."

"Na gauni?"

"Na gauni."

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka, mzee. Wala hakumwaga herufi hata moja. Mie katika kazi hii nina miaka kumi na sita, sijaona mkono kama ule."

Alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Cheko lilimpanda kutoka mbali, likamfika kooni, likatoka kwa kishindo mpaka Bwana Jabiri akachungulia kutoka chumba cha pili. "Waitu!" alisema Mzee Audax. "Mtoto wangu ametoka kwangu kuja kuhamisha nyota! Sasa mtu kama huyo mimi nimzuie na saa ya mezani?"

Akachomoa karatasi ya chuo kutoka kwenye faili. Alikuwa ameibeba tangu asubuhi. Nyota ilikuwa imemfikisha mpaka hapo, kilichobaki kilikuwa chake mwenyewe. Akailaza juu ya bamba langu la chuma, akatia mkono wake wa kikarani, wenye mapambo na mkia mrefu. Alipoinua kiganja, gumba lilikuwa limeacha alama nyeusi kando ya saini, kubwa na safi.

"Chuoni watashangaa," alisema. "Huyu mzee anajua kuandika, na kidole kakiweka cha nini?"

"Waambie ni muhuri."

"Ni muhuri," alikubali. Mlangoni aligeuka. "Jambo moja, Bwana Polikarpo. Wiki ijayo rudisha utaratibu. Likizo yangu nimekwisha iombea wiki ya Mizani kuambiwa *Pumzika*."

Jumatatu karatasi ikapanda treni. Jumatatu hiyo hiyo Mwanaheri, mke wa Bwana Jabiri, alileta sinia la vileja kiwandani, akasema ni vya yule aliyeandika nyota ya Punda, Mungu amzidishie, maana vipande vinne vya barua alivikuta mfukoni akifua. Nilimwambia sijui ni nani. Nikavila. Na nilipokwenda kuungama nilisema, "Padri, nilikunywa chai." Akanipa Salamu Maria moja.

Wiki tatu baadaye nilikwenda stesheni. Sikualikwa, nilijialika, nikavaa suruali yangu isiyo na wino. Gazeti la Jumamosi iliyotangulia lilikuwa na fungu moja ambalo halikuwa la Maalim. Nililipanga mwenyewe, herufi kwa herufi, la kwanza na nilidhani la mwisho: *Mizani: Mwanao akipanda treni, usilie mbele yake. Lia ukifika nyumbani.* Mzee Audax alikuwa amelikata akalitia mfuko wa shati. Alinionyesha, akasema atalifuata neno kwa neno. Filimbi ya kwanza ilipopulizwa alikuwa tayari analia kwa sauti, bila kificho, soksi zimemshuka, na watu wazima wakimpisha njia.

Kokuberwa alitoa kichwa dirishani. Na yeye machozi yalikuwa yakimtoka huku anacheka.

"Baba Polikarpo! Jumamosi ijayo Mizani inasemaje?"

"Zamu ya mgeni na mzigo," nikamwambia.

"Badilisha! Mwandikie kwamba barua iko njiani."

"Kuchagua siwezi, unajua."

"Basi nimechagua mie!" alipaza sauti, na treni ikamchukua na mkono wake usio na wino ukipunga mpaka kona.

Jumamosi ile Mizani iliambiwa kwamba barua iko njiani. Jumanne ikafika, kurasa nne, mbele na nyuma, na Mzee Audax alipanda baiskeli mpaka Temeke siku ya kazi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ili aje anisomee. Nimechapa nyota nyingi baada ya hapo, lakini ile ndiyo pekee niliyoifunga uzi nikiwa na hakika kwamba ni kweli.